Risasi ya Pampu

Nunow Ogle aliendesha malori kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na kwa muda huo wote hakuwahi kukutana na lori aliloona lina mwendo wa kutosha. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ndevu alizoanza kuzitia hina mapema mno ili aonekane mtu mzima wa kuaminiwa. Hina haikumsaidia sana. Watu wa Garissa walimpenda, walimpa salamu na mizigo yao, lakini kumwamini ilikuwa habari nyingine.

Aliyemjua kuliko wote ni dada yake mkubwa, Ebla. Ebla alikuwa mjane mwenye duka la sukari, majani ya chai na vitambaa, na ndiye aliyemlea Nunow baada ya mama yao kufariki. Mwaka 1965 aliuza ngamia wake karibu wote ili wanunue lori jipya, yeye na Nunow. Watu wakamcheka. Nani anauza kitu kinachozaa akanunua chuma? Mwaka uliofuata, ngamia wa watu walipoanza kufa kwa risasi na wengine kuswagwa wasionekane tena, kicheko kilikoma, lakini Ebla hakuwahi kulisema jambo hilo mbele ya mtu. Alijua wengine walikuwa wamebaki na kamba za ngamia mikononi.

Lori lilitoka Nairobi, rangi ya samawati, bado likinuka rangi. Muuzaji aliwafungulia boneti akawaeleza habari ya dhamana.

"Mwaka mzima, kitu chochote kikiharibika chenyewe, kampuni itakitengeneza bure," alisema. "Ila hapa msiguse."

Aliwaonyesha pampu ya dizeli. Kwenye skrubu moja ndogo palikuwa na waya mwembamba, na kwenye ncha za waya donge dogo la risasi lililogongwa muhuri wa kampuni.

"Hiyo skrubu ndiyo inayopima dizeli. Ukiilegeza, injini itakunywa zaidi na kukimbia zaidi, lakini itachoka upesi. Tukikuta risasi hii imekatwa, dhamana imekufa."

Ebla alimtaka Nunow ayarudie maneno hayo kwa Kisomali, neno kwa neno, na Nunow akayarudia. Bahati mbaya, katika kuyarudia, yaliyomkaa kichwani ni mawili tu: kukimbia zaidi.

Huenda angeyasahau hata hayo kama si misafara. Siku zile hakuna aliyesafiri peke yake. Vita vya shifta, yaani majambazi, kama serikali ilivyoviita, vilikuwa vimeifunga barabara ya Wajir, na gari lililotaka kupita lilisubiri msafara: jeshi mbele, jeshi nyuma, malori ya watu katikati. Lori la Nunow lilikuwa na nguvu za kubeba lakini halikuwa na mbio, kwa hiyo kila safari lilijikuta mkiani, likila vumbi la wenzake, huku gari la jeshi la nyuma likimpigia honi kama bi harusi amechelewa. Sajini aliyekuwa ndani yake alimtambua kwa ndevu.

"Wewe wa hina," alimwambia walipopumzika, "tukishambuliwa leo nitaandika kwamba wewe ndiye uliyetuweka njiani."

Na kweli siku moja, walipokuwa wanakaribia Modogashe, risasi zilipigwa kutoka vichakani. Hazikudumu, na hakuna aliyeumia, lakini moja ilitoboa gunia la sukari nyuma ya Nunow. Akafika Wajir wa mwisho, soko limeshashiba, huku sukari ya dada yake ikiwa imechora mstari mweupe barabarani kwa maili kadhaa. Jioni ile hakuweza kula.

Aliporudi Garissa alingoja Ebla aende dukani, akafungua boneti, akakata waya kwa koleo na kuizungusha ile skrubu nusu mzunguko. Donge la risasi alilitupa mtoni Tana, mbali kadiri alivyoweza, kwa sababu aliliona kama ushahidi.

Lori likawa kiumbe kingine. Safari iliyofuata Nunow alikuwa wa tatu, na ile ya baada yake alifika nyuma tu ya gari la jeshi la mbele, huku sajini wa nyuma akibaki bila mtu wa kupigia honi. Kitu pekee kilichomsaliti ni moshi. Lori lilitoa moshi mweusi mzito kiasi kwamba madereva wa nyuma yake walifunga vilemba mpaka machoni. Haikuchukua muda akapewa jina: Nunow Qiiq, yaani Nunow Moshi. Alilifurahia.

Ebla hakulifurahia.

"Kwa nini lori letu linatoa moshi hivi?" alimuuliza.

"Dizeli ya siku hizi, abaayo, dada yangu. Ni vita."

"Na kwa nini siku hizi unafika kabla ya wenzako?"

"Wenzangu wanaogopa. Ni vita."

Miaka ile kila jambo, kuanzia unga wenye wadudu hadi bwana harusi asiyetokea, lilielezwa kwa vita, kwa hiyo Ebla hakuwa na pa kulishikia jibu hilo. Alimtazama tu kaka yake huyo mdogo, akarudi kupima sukari.

Kilichovunjika mwishowe hakikuwa injini. Kilikuwa giaboksi. Lori lilikuwa limebakisha mwendo mfupi kuingia Garissa, likatoa mlio kama wa ngamia anayekataa mzigo, na gia ya tatu ikagoma kutoka. Wakaingia mjini wakiwa wamevutwa kwa mnyororo, na huo mnyororo ulikuwa wa gari la yule sajini.

Nunow alitarajia kumkuta dada yake amekasirika. Akamkuta anatabasamu.

"Mwaka haujaisha," Ebla alisema. "Si alisema kitu kikiharibika chenyewe watakuja?"

Siku hiyohiyo alikwenda posta akapiga simu ya maandishi. Jibu likaja upesi: mkaguzi wa kampuni atafika na msafara ujao, akiwa na giaboksi nyingine, na ataliangalia lori zima. Ebla aliwaeleza majirani wote. Hakuna mtu aliyewahi kuonekana na huzuni kama ya Nunow kwa habari njema kama hiyo.

Kuirudisha skrubu mahali pake ilikuwa kazi rahisi, na aliifanya. Tatizo lilikuwa donge la muhuri, ambalo sasa lilikuwa chini ya Tana pamoja na mamba. Nunow aliamua kutengeneza jingine. Akaenda kwa Abdille, mwenye duka la misumari na mabati, mtu mpole aliyeogopa kila kitu tangu vita vianze.

Walizungumza Kisomali, lakini hata huko, kama ilivyo kwa Kiswahili, neno ni lilelile kwa chuma laini cha kuyeyusha na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki.

"Nataka risasi," Nunow alinong'ona. "Kidogo tu."

Abdille aliweka chini mizani. "Kidogo kiasi gani?"

"Moja inatosha. Kuna mtu anakuja na msafara. Lazima niwe tayari kabla hajafika."

"Mtu gani?"

"Mtu wa Nairobi. Usimwambie dada yangu."

Abdille alisema hana. Nunow alipotoka, Abdille alifunga duka, akaswali rakaa mbili, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Hakuwa na chuki na Nunow. Alijua tu kwamba mtu mmoja akimpiga risasi mtu wa Nairobi, mtaa mzima utakaa juani siku nzima ukihojiwa, na yeye jua lilikuwa linamsumbua.

Polisi walimkuta Nunow uani kwake, amechuchumaa mbele ya moto. Alikuwa amepata betri mbovu ya gari kwenye mtaa wa Galbet, akaivunja, na sasa risasi yake ilikuwa inachemka ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Mkononi alikuwa na kijiti alichokichonga mfano wa muhuri.

Konstebo alichungulia kopo. "Ni nini hiki?"

Nunow alikuwa na nafasi ya kusema supu. Akasema, "Risasi."

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa bara, mgeni katika mji, na hali ya hatari ilikuwa imemnyang'anya usingizi na ucheshi. Mtu kukamatwa na risasi bila kibali halikuwa jambo la mzaha. Wapo waliofikishwa mbele ya hakimu kwa hilo na hawakurudi nyumbani. Nunow alilijua hilo vizuri, na Kiswahili chake, ambacho hata siku za raha kilikuwa cha kubahatisha, kilianza kumkimbia.

"Afande, hii risasi ya bampu. Si ya bunduki."

"Bampu ni nini?"

"Bampu. Ile ya disel."

"Nimeambiwa unamngoja mtu kwenye msafara."

"Ndiyo, afande. Mkaguzi."

"Mkaguzi wa nini?"

"Wa giaboksi."

"Na ulitaka kumfanya nini?"

Nunow alitafuta neno zuri, akalikosa. "Kumdanganya, afande."

Mkuu wa kituo aliweka kalamu mezani. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona mtu anayejitetea kwa kukiri jambo jingine. Akasema hajawahi kusikia gari linalotumia risasi, na kwamba kama huyo mkaguzi yupo, basi aje aseme mwenyewe. Msafara ulikuwa unatarajiwa mchana huo. Akatuma konstebo kwenye kizuizi cha barabarani amlete.

Mkaguzi aliletwa akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana mnadhifu wa Nairobi, mwenye viatu vilivyokuwa vyeusi asubuhi, na begi la ngozi ambalo hakuliachia hata mara moja njia nzima. Alipoulizwa kama lori linatumia risasi, alifurahi kuulizwa jambo analolijua.

"Bila shaka," alisema. "Kila lori letu lina risasi."

Akafungua begi, akamwaga mezani madonge ya risasi kama punje za mahindi, na pembeni yake akaweka koleo la kugongea muhuri. Mkuu wa kituo aliyatazama kwa muda.

"Umepita vizuizi na hivi vyote?"

"Ndiyo."

"Hukuulizwa ni nini?"

"Niliulizwa. Nilisema ni vipuri."

Basi mkaguzi naye akaonyeshwa benchi. Wakafungiwa chumba kimoja, yeye na mtu aliyekuja kumkagua. Kisha mkaguzi akauliza, bila kugeuza shingo:

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo."

"Uliikata?"

"Niliikata."

"Ukazungusha kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu nzima?" Mkaguzi sasa aligeuka. Alipigana na nafsi yake, halafu akashindwa. "Lilikimbiaje?"

"Kama mbuni," Nunow alisema.

Mkaguzi aliangalia ukuta ili uso wake usionekane.

Ebla alifika akiwa na chupa ya chai, maana habari zilikuwa zimemfikia kabla hata kaka yake hajafungiwa. Mkuu wa kituo alimfahamu. Sukari ya kituo ilitoka dukani kwake. Akawatoa wale wawili, akamweleza kisa chote: betri, kopo, waya uliokatwa, nusu mzunguko. Ebla alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Nunow maneno machache kwa Kisomali, kwa sauti ya chini. Mkuu wa kituo aliuliza amesema nini, na konstebo mmoja aliyeijua lugha hiyo akajibu kwamba haitafsiriki vizuri.

"Sasa, mama," mkuu wa kituo alisema, "umekuja kumwekea huyu dhamana?"

"Dhamana ipi, afande? Ya lori nasikia ameshaiua. Kwa nini nimpe nyingine?"

Nunow aliinamisha kichwa. Mkuu wa kituo alikohoa, akamwonyesha mkaguzi.

"Na huyu? Anasema amekuja kwa ajili ya lori lako. Unamjua?"

Ebla alimtazama mkaguzi kutoka viatuni hadi nyweleni, bila haraka yoyote.

"Sura yake sijawahi kuiona."

"Mama," mkaguzi alisema, jasho likianza kuchora njia kwenye vumbi la uso wake, "mimi ndiye niliyetumwa. Nimekuja na giaboksi yako."

"Giaboksi yangu? Mwaka haujaisha, na imevunjika yenyewe. Inakuwa ya nani?"

"Inakuwa yetu. Lakini kwa sababu pampu imeguswa, kampuni haiwezi..."

Ebla alimgeukia mkuu wa kituo. "Afande, mtu huyu simjui kabisa."

Mkaguzi alitazama madonge yake ya risasi mezani, akatazama mlango wa kile chumba alichotoka, akatazama tena mezani.

"Pampu na giaboksi ni vitu viwili," alisema polepole. "Naweza kuifungua giaboksi peke yake. Kama kosa ni la kiwandani, nitaibadilisha bure. Dhamana ya pampu siwezi kuifufua."

"Hiyo ya pampu mwachie ndugu yangu, aifanyie matanga," Ebla alisema, akaanza kumimina chai. "Afande, sasa naanza kumkumbuka. Ndiye yeye."

Mkuu wa kituo alikuwa ameelewa kitambo. Hata hivyo alifuata taratibu: konstebo alitumwa kwenye lori, akarudi kusema ni kweli, pale kwenye pampu kuna waya uliokatwa. Kopo la Nunow likachukuliwa. Madonge ya mkaguzi yakabaki kituoni mpaka siku atakayoondoka, isipokuwa moja, ambalo konstebo alilibeba mwenyewe kiganjani, akalisindikiza hadi kwenye lori.

Giaboksi ilifunguliwa mbele ya watu wengi kuliko walioitwa. Mkaguzi aliinama ndani yake, kisha akamwita Nunow aone. Tundu la kupitishia mafuta lilikuwa halijatobolewa hadi mwisho. Gia ya tatu ilikuwa ikizunguka kavu tangu siku lori lilipotoka kiwandani.

"Ingekufa tu," mkaguzi alisema, "hata ungeliendesha kama umebeba mayai."

Alikuwa mtu wa haki, lazima isemwe hivyo. Alibadilisha giaboksi bila kunung'unika, akaipima skrubu ya pampu, akafunga waya mpya na kuugonga muhuri. Nunow alisimama pembeni akitazama kama mtu anayezika. Usiku wa kuamkia safari, mkaguzi alilala nyumbani kwa Ebla, akala nyama ya mbuzi na wali, na kabla ya kuondoka alimwomba mwenyeji wake asimweleze mtu wa kampuni kwamba alifungwa. Ebla alisema hajui kisa chochote kama hicho.

Abdille na Nunow hawakusemeshana kwa muda mrefu. Walipopatana, Abdille bado hakumuuzia hata msumari bila kwanza kumuuliza ni wa kazi gani.

Msafara uliofuata, Ebla alipanda mbele, karibu na kaka yake. Alitaka kuona kwa macho yake asije akadanganywa tena. Lori lilikuwa limerudi lilivyokuwa. Kabla ya kufika mbali walikuwa mkiani, vumbi likiingia kwa madirisha, kwa sakafu, kwa mahali ambapo hawakujua pana tundu. Nyuma yao honi haikunyamaza. Walipovuka pale sukari ilipomwagika, Nunow alishika usukani kwa mikono miwili, na Ebla aliona jinsi vidole vyake vilivyobadilika rangi. Aliuona mwili wa kaka yake ukingoja.

Waliposimama Modogashe, Ebla aliteremka akiwa mweupe kwa vumbi kama gunia la unga.

"Kila safari huwa hivi?" aliuliza.

"Kila safari."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nunow aliinua mabega. "Ungeniuliza kuhusu dhamana."

Ebla alikung'uta shuka yake kwa muda mrefu, zaidi ya ilivyohitajika. Sajini alipita akawaambia wajitahidi kidogo, na akamwamkia Ebla kwa heshima ambayo Nunow hakuwahi kuionja. Ebla alikuwa akiitazama boneti.

"Dhamana ya pampu si imeshakufa?" alisema.

"Imekufa."

"Na giaboksi haioni pampu inafanya nini."

Nunow alimtazama dada yake usoni kutafuta mtego, asiuone.

"Robo," Ebla alisema. "Si nusu. Na ukiniletea tena habari za dizeli ya vita, nitakuacha hapa na sajini wako."

Alisimama mbele ya boneti akiwa ametandaza shuka yake kana kwamba anaikausha, mpaka Nunow alipomaliza.

Mwishoni mwa mwaka 1967 vita vilikwisha, na barabara ikafunguliwa. Nunow alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu isiyofichika: kuondoka Garissa bila jeshi mbele, bila jeshi nyuma, lori peke yake na njia nzima wazi. Aliondoka alfajiri. Watu waliokuwa sokoni walisikia injini ikinguruma mpaka ikapotelea mbali, wakasema leo Qiiq atafika Wajir kabla ya adhuhuri.

Hakufika siku hiyo. Kila alipokwenda kidogo palikuwa na watu kando ya barabara, wametoka vijijini ambako serikali ilikuwa imewakusanya wakati wa vita, wakitafuta njia ya kurudi makwao. Mzee mmoja alitaka kupelekwa Eldas, mbele ya Wajir, ingawa hakujua kama atamkuta mtu huko. Mwanamke mmoja alikuwa na mbuzi wawili na kitanda. Wengine hawakutaka kupanda. Walitaka maji, au walitaka tu kujua ni nani aliye hai. Nunow alisimama kwa kila mmoja. Alipofika Wajir lori lilikuwa limejaa watu hadi juu ya paa, likitambaa kwa gia ya pili, na mtu mmoja aliyekuja kuwapokea alimuuliza kama lori limeharibika tena.

"Haliharibiki," Nunow alisema, akateremka kumsaidia mzee wa Eldas kushuka. "Lina abiria."